Sindano na Kalenda: Historia ya Dawa ya Kukomaza Mapafu ya Mtoto Njiti

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mama mjamzito anayefikishwa wodi ya wazazi akiwa na uchungu kabla ya wakati wake hudungwa, pale masharti yanaporuhusu, sindano ya deksamethasoni kwenye msuli, miligramu 6 kila baada ya saa 12 hadi zitimie dozi nne. Wauguzi huiita sindano ya kukomaza mapafu, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko jina la dawa yenyewe, kwa kuwa dawa hiyo haimtibu mama maradhi yoyote bali humpitia tu, ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni na kuyahimiza mapafu yake yafanye kwa siku moja au mbili kazi ambayo yangeifanya kwa wiki kadhaa. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na kuidunga hakuhitaji mtambo wala daktari bingwa. Hata hivyo safari yake haikuwa fupi wala nyoofu: ilianzia katika zizi la kondoo huko Nyuzilandi, ikasimama kwa zaidi ya miaka 20 mbele ya wasiwasi wa madaktari wa nchi tajiri, ikapelekwa katika vituo vya afya vya nchi maskini, vikiwamo vya magharibi mwa Kenya, na huko ikaonekana kuandamana na vifo vingi zaidi badala ya vichache, kabla ya jaribio jingine kuirudishia heshima yake. Wasimulizi wengi wa historia hii huitazama dawa peke yake, lakini ikitazamwa kwa makini hudhihirika kwamba katika kila hatua kilichoamua mafanikio yake kilikuwa ni kuujua umri wa mimba.

Kwa hesabu ya kitabibu mimba ya binadamu hudumu takriban wiki 40, yaani siku 280 zinazohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kanuni iliyoenea katika karne ya 19 kwa jina la daktari wa uzazi wa Ujerumani, Franz Naegele. Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ndiye anayeitwa mtoto njiti, kwa kufananishwa na wembamba wa njiti ya kiberiti. Matabibu wa Kiyunani wa kale, na baada yao matabibu walioandika kwa Kiarabu, walijadili sana kwa nini mtoto wa miezi saba anaweza kuishi ilhali wa miezi minane hawezi, na imani hiyo ilienea na kudumu muda mrefu baada ya vitabu vyenyewe kuacha kusomwa. Tiba ya kisasa imeibatilisha, kwa maana kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humzidishia nafasi ya kuishi, na moja ya sababu kubwa za jambo hilo ni mapafu, ambayo ni miongoni mwa viungo vinavyochelewa kuwa tayari kwa maisha ya nje.

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hujaa majimaji, na oksijeni yote anayoihitaji huipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Anapozaliwa hutakiwa, katika muda wa dakika chache, kuvijaza hewa vifuko vidogo mno ambamo oksijeni huingia katika damu, na asiviache vinywee kila anapotoa pumzi. Kazi hiyo isingewezekana bila sufaktanti, yaani ute mwembamba wa mafuta na protini unaotandazwa ndani ya vifuko hivyo, ambao hupunguza mvutano wa uso wa majimaji kama sabuni inavyopunguza mvutano wa uso wa maji na kuruhusu povu likae. Mtoto anayezaliwa mapema huwa na ute huo kidogo, kwa hiyo vifuko vyake hunywea na kugandana baada ya kila pumzi, na kila pumzi inayofuata humgharimu nguvu nyingi kama ile ya kwanza, hata akachoka. Mbavu hubonyea ndani, pua hutanuka, mtoto hutoa mguno kila anaposhusha pumzi, na midomo hugeuka rangi ya samawati. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita dalili za shida ya upumuaji za mtoto mchanga.

Kabla ya kuelewa chanzo chake, wanapatholojia waliupa ugonjwa huo jina kutokana na kile walichokiona katika hadubini walipopasua maiti za watoto, utando unaong'aa kama kioo uliotanda katika mapafu, wakadhani utando huo ndio unaoziba hewa. Fikra nyingine ilikuwa ikijengwa polepole mahali pengine. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard alionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayoyafanya mapafu yanywee hutokana na mvutano wa uso wa majimaji yaliyomo ndani yake; katika miaka ya 1950 Richard Pattle nchini Uingereza na John Clements nchini Marekani waliutambua ute unaoupunguza mvutano huo; na mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Boston waliripoti kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa wa utando yalikuwa na upungufu wa ute huohuo. Utando ulikuwa ni matokeo tu, na kiini cha ugonjwa kilikuwa ni kitu kisichokuwapo. Lakini ujuzi huo haukuleta tiba mara moja. Mwezi Agosti 1963 Patrick Bouvier Kennedy, mwana wa Rais wa Marekani, alizaliwa akiwa na uzito wa takriban kilo 2.1 wiki kadhaa kabla ya wakati, akapelekwa Boston na kuwekwa chini ya uangalizi wa madaktari bora wa nchi hiyo, na akafariki siku mbili baadaye kwa ugonjwa huo. Uwezo wa baba yake haukuweza kumnunulia dawa ambayo haikuwapo.

Aliyeifungua njia hiyo hakuwa akiitafuta. Graham Liggins, aliyezaliwa mwaka 1926 na kujulikana na wenzake kwa jina la Mont, alikuwa daktari wa uzazi katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake jijini Auckland, na swali lililomshughulisha lilikuwa ni nani hasa anayeanzisha uchungu wa kuzaa, mama au mtoto. Auckland ilikuwa mahali panapofaa kwa swali la namna hiyo. Katika hospitali hiyohiyo William Liley alikuwa amefanikiwa mwaka 1963 kumwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni, jambo lililowazoesha madaktari wa hapo kumwona mtoto huyo kuwa ni mgonjwa anayeweza kufikiwa na kutibiwa. Aidha, Nyuzilandi ni nchi ya kondoo, na kondoo ana manufaa mawili kwa mtafiti wa uzazi: mwanawe ana ukubwa wa kutosha kufanyiwa upasuaji tumboni, na siku aliyopandwa na dume huweza kuandikwa, hivi kwamba umri wa mimba yake hujulikana kwa siku na si kwa makisio.

Palikuwa pia na fununu kutoka malishoni. Katika milima ya magharibi mwa Marekani kondoo waliokula mmea fulani wa sumu mwanzoni mwa mimba walizaa wanakondoo wenye kilema cha jicho moja, ambao ubongo wao na tezi ya pituitari, yaani tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, havikuumbika sawasawa. Na mimba hizo zilipitiliza muda wake, kana kwamba hapakuwa na wa kutoa amri ya kuzaa. Liggins alikwenda California kufanya kazi na wataalamu wa mifugo, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakaripoti kwamba mwanakondoo mzima aliyeharibiwa tezi ya pituitari kwa umeme akiwa tumboni naye hakuzaliwa kwa wakati wake. Amri, basi, ilitoka kwa mtoto. Njia yake ilikuwa kwamba tezi ya pituitari huzisukuma tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ambayo mwili wa mnyama na wa binadamu huitengeneza pia wakati wa dhiki, na homoni hiyo ndiyo inayoanzisha uchungu kwa kondoo.

Ili kuthibitisha, Liggins aligeuza jaribio. Kondoo jike alitiwa nusukaputi, tumbo na nyumba ya uzazi vikafunguliwa, mrija mwembamba ukaingizwa katika mshipa wa mwanakondoo, kisha vyote vikashonwa huku ncha ya mrija ikiachwa nje ya mwili wa mama, na kwa njia hiyo homoni ikamiminwa kidogokidogo kwa siku kadhaa. Kondoo hao walizaa mapema, kama alivyotarajia. Asichokitarajia kilikuwa ni hali ya wanakondoo wenyewe. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, na mwanakondoo wa takriban siku 117 hatarajiwi kupumua, kwa kuwa mapafu yake huwa mazito na bila hewa, yakifanana na kipande cha ini kuliko na pafu. Mmoja wa wale waliomiminiwa homoni alikutwa akipumua. Alipokufa na kupasuliwa, mapafu yake yalikuwa yameingia hewa kwa kiasi ambacho umri wake haukukielezea. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1969 Liggins alitoa maelezo kwamba huenda homoni imeuamsha mapema mtambo wa kutengeneza sufaktanti. Maelezo hayo yalikuwa na uzito kwa sababu moja iliyo nyepesi kusahauliwa, kwamba mtafiti alijua siku za mimba ile bila shaka yoyote. Kama umri ule ungekuwa wa kukisiwa, mwanakondoo aliyepumua angehesabiwa tu kuwa alikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Kutoka kwa kondoo kwenda kwa mwanamke palikuwa na tofauti moja iliyogeuka kuwa bahati. Kwa binadamu homoni za jamii ya kotisoli hazianzishi uchungu kama zinavyofanya kwa kondoo, kwa hiyo swali la kwanza la Liggins halikupata jibu kwa binadamu. Lakini laiti wanawake wangekuwa kama kondoo, sindano ya kukomaza mapafu ingeuharakisha uzazi uleule inaokusudiwa kuutangulia, na isingefaa kitu. Mwishoni mwa mwaka 1969 Liggins na daktari wa watoto Ross Howie walianza kuwapa dawa ya betamethasoni, ndugu wa deksamethasoni, wanawake waliokuwa katika hatari ya kuzaa mapema. Walilifanya kuwa jaribio la nasibu, maana yake jaribio ambalo washiriki hugawanywa katika makundi kama kwa kura, si kwa uchaguzi wa daktari, ili makundi yawe sawa katika yote isipokuwa dawa. Kundi moja lilipewa betamethasoni, na jingine dawa ya jamii hiyohiyo iliyo dhaifu mno, wala mama wala aliyemhudumia hakujua ni ipi. Ilipobidi, uchungu ulizuiwa kwa dawa nyingine ili kuipa sindano muda wa kufanya kazi.

Matokeo ya wanawake 282 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wale ambao uzazi wao wa mapema haukupangwa na madaktari, vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 ya watoto katika kundi la dawa na asilimia 15 katika kundi la kulinganishia, na shida ya upumuaji iliwapata asilimia 9 dhidi ya asilimia 25.8. Nafuu katika upumuaji ilionekana hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32, na kwa sharti kwamba saa 24 ziwe zimepita tangu sindano ya kwanza: miongoni mwa hao shida ya upumuaji iliwapata asilimia 11.8 wa kundi la dawa na asilimia 69.6 wa kundi jingine. Ni nadra katika tiba kuona tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini hesabu hiyo ilibeba ndani yake masharti mawili ya saa na ya wiki, nayo ndiyo yaliyokuja kurudi kwa kishindo miaka 40 baadaye.

Ingetarajiwa kwamba habari kama hiyo ingeenea upesi, lakini haikuenea. Madaktari wa uzazi wa miaka ile walikuwa wameonja uchungu wa thalidomaidi, dawa ya kutuliza iliyoondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961 baada ya kuwasababishia watoto maelfu ulemavu wa viungo, na wengi waliapa kutompa mama mjamzito dawa yoyote ambayo athari zake za miaka ya mbele hazijulikani. Tafiti nyingine za wanyama zilionyesha kwamba homoni hizo zikizidi zinaweza kudumaza ukuaji wa ubongo, na ripoti ya Auckland yenyewe ilitahadharisha kuhusu wanawake wenye shinikizo kubwa la damu la ujauzito, ambao baadhi yao walipoteza watoto wakiwa tumboni. Kwa upande wa pili, huduma ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa ilikuwa ikipiga hatua: mwaka 1971 madaktari wa San Francisco walionyesha kwamba hewa inayosukumwa kwa shinikizo dogo lisilokatika huvizuia vifuko kunywea, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliripoti kumwaga sufaktanti moja kwa moja katika koromeo la hewa la mtoto. Hivyo daktari wa uzazi aliona tatizo limehamia kwa daktari wa watoto, ilhali daktari wa watoto hakuwa na mamlaka juu ya mama kabla hajazaa.

Palikuwa na sababu nyingine ya kihesabu. Majaribio yaliyofuata lile la Auckland yalikuwa madogo, na jaribio dogo, hata kama dawa inafanya kazi, mara nyingi hutoa jibu lisilo la uhakika, kwa kuwa idadi ya vifo huwa ni ndogo mno kutenganishwa na bahati. Msomaji aliyeyasoma moja baada ya jingine aliona mabishano. Aliyeyaweka pamoja aliona kitu kingine, na kazi hiyo ilifanywa na Patricia Crowley wa Dublin, aliyekusanya majaribio yote ya nasibu yaliyofanyika na kuyapima kwa njia iitwayo uchambuzi unganishi, yaani kuzijumlisha tafiti nyingi zenye swali moja ili zitoe jibu moja lenye nguvu kuliko la kila moja peke yake. Mwaka 1990 yeye, Iain Chalmers na Marc Keirse walichapisha matokeo ya majaribio 12 yaliyohusisha washiriki zaidi ya 3,000, na hukumu ilikuwa wazi kwamba dawa hupunguza shida ya upumuaji na vifo vya watoto.

Kazi hiyo ilizaliwa katika mazingira ya lawama. Mwaka 1979 daktari Archie Cochrane wa Uingereza alikuwa amewashutumu wenzake kwa kutokuwa na muhtasari wa majaribio yote ya nasibu ya kila tawi la tiba unaohuishwa mara kwa mara, na tawi la uzazi ndilo alilolitia katika nafasi ya mwisho. Chalmers na wenzake wa Oxford waliichukua shutuma hiyo kama kazi ya kufanya, na mwaka 1993 ikaanzishwa jumuiya ya kimataifa iliyopewa jina la Cochrane. Nembo yake ni mchoro wa majaribio saba ya sindano ya kukomaza mapafu. Kila mstari mlalo ni jaribio moja, na urefu wake ni kiasi cha shaka iliyomo. Mstari wima katikati ni mpaka wa kutokuwa na faida wala hasara. Na umbo la almasi lililo chini, upande wa kushoto wa mpaka, ni jibu la majaribio yote kwa pamoja, kwamba dawa inaokoa. Mistari mingi inaukata ule mpaka, ikionekana kusema kwamba haijui, na almasi haiukati. Mwaka 1994 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu, ukapendekeza dawa itumike, na ikaelezwa hapo kwamba kati ya akina mama waliozaa watoto wenye uzito wa chini ya kilo 1.5 nchini humo, waliokuwa wakiipata hawakufikia mmoja kati ya watano. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu 1972, na watoto waliokufa katika kipindi hicho kwa kukosa sindano ile hawakukosa elimu iliyohitajika, walikosa mtu wa kuijumlisha.

Wakati mjadala wa dawa ukiendelea, hesabu ya wiki za mimba nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za kwanza za uzazi zilizopigwa kwa altrasaundi, yaani chombo kinachopeleka mawimbi ya sauti mwilini na kuchora mwangwi wake, na mwaka 1973 Hugh Robinson wa jiji hilohilo akaonyesha kwamba urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, ukipimwa katika miezi mitatu ya mwanzo, huutaja umri wa mimba kwa makosa ya siku chache tu. Kipimo hicho kikawa kawaida katika nchi tajiri, kiasi kwamba sindano ilipokubaliwa katika miaka ya 1990 daktari wa huko hakuhitaji kuuliza mara mbili mimba ina wiki ngapi, kwa kuwa jibu lilikuwamo katika jalada. Sharti la Auckland lilikuwa limetimizwa kimyakimya, na kitu kinachotimizwa kimyakimya husahaulika kuwa ni sharti.

Usahaulifu huo ulijitokeza dawa ilipopelekwa kwingine. Mwaka 2012 tume ya Umoja wa Mataifa iliiweka katika orodha ya bidhaa 13 za kuokoa maisha ya wanawake na watoto, na hoja ilikuwa na mantiki, kwani vifo vingi vya watoto njiti hutokea katika nchi zisizo na mashine za kupumulia, na sindano ya bei ndogo ilionekana kuwa ndiyo inayofaa zaidi pale ambapo mashine haipo. Wakati huohuo jaribio kubwa lilikuwa likiendelea Argentina, Gwatemala, India, Kenya, Pakistani na Zambia, katika maeneo 102, likihusisha takriban uzazi 100,000. Katika nusu ya maeneo hayo wahudumu wa ngazi zote, hadi wakunga wa vituo vya vijijini, walifunzwa kuzitambua dalili za uzazi wa mapema, wakapewa vifurushi vyenye deksamethasoni na mabomba ya sindano. Pale ambapo mama hakuikumbuka tarehe ya hedhi yake, mhudumu alipima kwa utepe wenye rangi kimo cha nyumba ya uzazi kutoka kwenye kinena hadi juu, na rangi iliyofikiwa ndiyo iliyomwelekeza kudunga au kutodunga.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Kwa watoto wadogo kabisa, ambao sindano ilikusudiwa kwao, vifo havikupungua. Kwa watoto wote kwa jumla, vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika maeneo yaliyopewa sindano na 23.9 katika maeneo mengine, na akina mama walioshukiwa kupata maambukizi nao waliongezeka. Dawa ileile, yenye almasi katika nembo ya Cochrane, ilikuwa imeandamana na vifo zaidi ya vitatu vya ziada kwa kila watoto 1,000.

Maelezo yaliyopata nguvu miongoni mwa wataalamu yalirudi kwenye kalenda. Utepe haujui kwa nini tumbo ni dogo: mama mfupi, mtoto mwembamba aliyetimiza miezi yake na mtoto wa wiki 33 wanaweza kuangukia rangi moja. Wengi wa wanawake waliodungwa hawakuzaa watoto njiti, na watoto hao walipewa homoni isiyowaletea faida yoyote katika mapafu yaliyokwisha kukomaa, ilhali homoni hizo zinajulikana kupunguza nguvu za mwili za kupambana na maambukizi. Mahali ambapo maambukizi ya mama hayatambuliwi mapema, na mtoto aliyezaliwa hana wa kumpima joto wala sukari ya damu, hatari ndogo hupata nafasi ya kukua. Na kwa njiti halisi, kukomaza mapafu kulimvusha kikwazo cha kwanza tu, kwa kuwa baada ya pumzi bado alihitaji joto, maziwa na ulinzi dhidi ya maambukizi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioiruhusu sindano kati ya wiki 24 na 34, lakini pale tu ambapo umri wa mimba unaweza kujulikana kwa usahihi, mama hana dalili za maambukizi, na mama na mtoto wanaweza kupata huduma ya kutosha wakati wa kujifungua na baada yake.

Masharti yaliyoandikwa hayakumaliza wasiwasi, kwani sasa palikuwa na majibu mawili yanayopingana, moja la nchi tajiri na jingine la nchi maskini, na daktari wa hospitali ya rufaa nchini Kenya au Bangladesh hakujua yeye yuko upande gani. Ndipo Shirika la Afya Duniani likaandaa jaribio jipya katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, likiwachukua wanawake waliokuwa kati ya wiki 26 na siku ya mwisho ya wiki ya 34, na umri wa mimba ukithibitishwa kwa altrasaundi. Lilikuwa la nasibu kama lile la Liggins na Howie, wengine wakipewa deksamethasoni na wengine dawa bandia isiyo na nguvu yoyote. Liliwahusisha wanawake 2,852, na likasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, kwa sababu nafuu ilikuwa imedhihirika na kuendelea kuwanyima wengine dawa kusingekuwa haki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba watoto waliokufa katika siku 28 za mwanzo walikuwa asilimia 19.6 katika kundi la dawa na asilimia 23.5 katika kundi jingine, na maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka. Kwa hesabu ya watafiti, kwa kila wanawake 25 waliotibiwa mtoto mmoja aliokolewa.

Asilimia hizo zinastahili kusomwa mara ya pili. Kufa kwa mtoto mmoja katika kila watano, hata baada ya sindano, ni ushahidi kwamba dawa ni pingili moja tu ya mnyororo, na kwamba pingili nyingine zinahitaji utafiti wake. Mwaka 2021 jaribio jingine la Shirika hilo, lililofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lilionyesha kwamba mtoto mwenye uzito mdogo anayewekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yake itulie kama ilivyokuwa desturi, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi: vifo vilikuwa asilimia 12 badala ya 15.7. Mbinu hiyo, inayofahamika kama huduma ya kangaruu, ilianza Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya uhaba wa vitanda vya joto, na yale yaliyoanza kama mbinu ya wasio na vifaa yakathibitika kuwa tiba.

Liggins alifariki mwaka 2010, kabla dawa yake haijapitia mtihani wa vijijini, na baada ya kuona baadhi ya watoto wa jaribio lake wakifuatiliwa hadi umri wa miaka 30 na kukutwa hawana madhara makubwa yaliyohofiwa hapo awali. Swali lake la kwanza, la nani anayeanzisha uchungu kwa binadamu, aliliacha bila jibu kamili. Swali ambalo hakuhitaji kuliuliza, kwa kuwa kondoo wake walikuwa na tarehe, ndilo lililobaki mikononi mwa wahudumu wa kliniki za wajawazito, ambako mama wengi bado hufika kwa mara ya kwanza miezi mingi imekwisha kupita, wakati ambapo hata altrasaundi hukosea kwa wiki kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kwa kawaida pendekezo hilo huhesabiwa kuwa ni la kliniki, si la wodi ya watoto njiti. Historia ya sindano ya kukomaza mapafu inaonyesha kwamba ni la kote kuwili, kwa maana tarehe inayoandikwa kwenye kadi ya mama katika ziara ya kwanza ndiyo itakayomwambia muuguzi wa zamu ya usiku, miezi michache baadaye, kama kichupa alichokishika kitamsaidia mtoto au kitamdhuru.